Naombeni ushauri wa kibodi, mikono inauma na kazi yangu ni kuchapa kutwa

mama_steshenari
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu maana nimeshachoka kuvumilia. Nina kasteshenari kangu hapa Iringa, huu mwaka wa sita sasa, na kazi inayoniingizia hela ni kuchapa, mitihani ya shule za msingi na sekondari, barua za kazi, mikataba ya kupanga nyumba, mihutasari ya vikao vya vikoba, na hawa wanachuo wanaoleta ripoti za fildi zimeandikwa kwa mkono kurasa hamsini mtu anaitaka kesho asubuhi. Msimu wa mitihani nakaa hapo toka saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, nainuka kutoa kopi tu.

Tatizo liko hivi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinauma, maumivu yanashuka ubavuni mwa kiganja, ikifika jioni hata kuepua sufuria ni kazi. Mkono wa kulia ni habari nyingine kabisa, usiku nashtuka usingizini kidole gumba na viwili vinavyofuata vimekufa ganzi mpaka niukung'ute mkono kwanza ndo virudi.

Kibodi yangu ni ile nyeusi ya kawaida ya elfu kumi na tano, herufi kwenye batani ya A imeshafutika kabisa. Nimeisimamisha kwa ile miguu ya nyuma ili nione vizuri. Ipo juu ya kaunta ya kioo, hizi za kupangia madaftari na kalamu, mimi nakaa kwenye stuli ya plastiki.

Sasa juzi kijana mmoja anayezungusha mtumba wa kompyuta kaniletea kibodi ya ajabu, herufi zimegawanyika pande mbili na katikati imevimba kama mgongo wa kobe, imeandikwa Microsoft Natural Ergonomic Keyboard 4000, ina waya, anataka laki na ishirini. Bajeti yangu mwisho kabisa laki na nusu. Je hii ndo dawa au naenda kupoteza hela? Kama kuna nyingine nitajieni. Naingiza na alama za wanafunzi kwa hiyo zile namba za pembeni nazihitaji. Asanteni.

fundi_wa_AR
Pole sana dada. Hiyo 4000 naifahamu, ilitoka 2005, ni uzao wa ile Natural ya kwanza kabisa ya 1994, na hizi ndo zinakuja sana kwenye mtumba wa maofisini. Kama nzima ni kibodi ngumu, na kwa sababu ina waya hutahangaika na betri.

Ila usitoe hela kabla hujaijaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Fungua Word bonyeza batani zote moja moja, Shift zote mbili, Enter, Backspace, namba zote za pembeni, na ile ndefu ya spesi ibonyeze kwenye ncha zote mbili na katikati, maana batani ndefu huwa zinachoka upande mmoja. Pia angalia juu ya namba 3. Ukikuta alama ya pauni hiyo ni ya mpangilio wa Uingereza, na ukiichomeka utaona ukibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu na ya kunukuu inatoa @. Sio mbovu, wengi wanazirudisha bure. Unaingia kwenye setingi za lugha za Windows unachagua Kiingereza cha Uingereza, yameisha.

Kingine akikuletea ile nyingine ya Microsoft inaitwa Sculpt, nzuri sana kwa umbo, ilitoka 2013, lakini haina waya na inafanya kazi na kile kidude chake cha USB tu, kikipotea huwezi kuiunganisha na kingine. Kwa hiyo Sculpt ya mtumba isiyo na kidude usiiguse hata akikupa kwa elfu tano.

Ila kwa maoni yangu binafsi ningekuwa wewe ningetafuta kibodi ya mekanika, zile za magemu, Kariakoo zipo kibao mtaa wa Aggrey na pale jirani. Batani zake zinabonyezeka laini, zile switchi nyekundu za kampuni ya Cherry zinazokaa chini ya kila batani zinataka kama gramu 45 tu na herufi inatoka ukiwa umeshuka milimita 2, huna haja ya kugonga mpaka chini. Kidole kitapumzika.

tafsiri_usiku
Mkuu fundi hapo kwenye mekanika naomba nikupinge kwa heshima zote. Ulaini wa batani uko sawa, nakubali, lakini hizo za magemu nyingi ni nene, mtu anayekaa kwenye stuli fupi mbele ya kaunta ndefu ukimpa kibodi nene umempandishia kiganja zaidi ya pale alipo. Dada umesema kibodi yako imesimamishwa kwa miguu ya nyuma, hiyo ndo kitu ya kwanza ya kukunja leo leo kabla hujalala. Ile miguu inakufanya ukunje mkono kwa juu kutwa nzima, kama mtu anayesimamisha gari. Kibodi ilale, tena ikiwezekana upande wa mbele ulioko tumboni kwako ndo uwe juu kidogo kuliko wa nyuma. Hiyo 4000 inakuja na kipande cha plastiki cha kupachika chini upande wa mbele kwa kazi hiyo hiyo, muulize kijana kama kipo.

Sasa niseme jambo ambalo limenigusa. Umesema A imefutika. Mimi ni mfasiri, Kiingereza kuja Kiswahili, mwaka wa tisa, na hicho kidole chako kidogo cha kushoto nakijua kama nakijua changu. Huu mpangilio wa herufi wa QWERTY tulionao kwenye kibodi zetu ulitoka kwa Christopher Sholes kule Milwaukee Marekani, hataza yake ya kwanza ya mashine ya kuchapa ni ya 1868, Remington wakaanza kuiuza 1874. Watu wale walikuwa wanachapa Kiingereza. A wakaiweka kwenye kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Sisi sasa angalia, chukua neno "wanatakiwa", lina herufi kumi, nne ni A, na ukihesabu herufi zinazobonyezwa na mkono wa kushoto ni saba. "Mahakama" herufi nane, nne A. Wewe unachapa mitihani na mikataba, wapangaji wanatakiwa, wanafunzi wanatakiwa, kila mstari kidole kile kile. Niliposema nachapa Kiingereza siku nzima siumwi na nikichapa Kiswahili naumwa watu waliona kama natia chumvi.

Nilijaribu hadi kubadilisha mpangilio. Kuna wa Dvorak, wa 1936, upo ndani ya Windows bure, kuna na Colemak ya 2006. Yote miwili A imebaki pale pale kidole kidogo cha kushoto! Na Dvorak irabu zote tano ziko kushoto, nikasema safi, Kiswahili ni konsonanti irabu konsonanti irabu mikono itapokezana, kumbe K na Y na P na J nazo ziko kushoto, kwa hiyo ka, ki, ku, ya, pa, ja zote mkono mmoja. Miezi miwili nikaachana nayo.

Kilichonisaidia ni kupunguza mabonyezo yenyewe. Kwenye Word ingia File, Options, Proofing, halafu AutoCorrect Options. Pale unaandika kifupi chako na neno refu. Mimi nikiandika wnt nikagonga spesi inatoka wanatakiwa, jmh inatoka Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Wewe maneno ya mitihani yanajirudia, "Chagua herufi ya jibu sahihi kisha andika kwenye kisanduku" hiyo iwe herufi tatu tu. Tengeneza ishirini za kwanza wiki hii utaona. Na Ctrl usiibonyeze kwa kidole kidogo cha kushoto kila unaposevu, tumia ile ya kulia kwa mkono wa kulia na S kwa kushoto.

viungo_tiba
Nafanya tiba ya viungo, ngoja niingie kwenye hiyo ganzi maana naona mnaipita. Dada mikono yako ina matatizo mawili tofauti na usiyachanganye. Kushoto, kidole kidogo kinachouma kwa kazi na kupoa ukipumzika, hiyo inaonekana ni misuli na kano zilizochoshwa, ushauri wa mfasiri hapo juu unafaa. Kulia sio hivyo. Gumba, shahada, cha kati kufa ganzi, tena usiku, unakung'uta ndo unapata nafuu, hiyo ni picha ya mshipa wa fahamu unaobanwa unapopita kwenye kifundo cha mkono. Kidole kidogo hakimo kwa sababu kinahudumiwa na mshipa mwingine unaopita kwenye kiwiko.

Asikudanganye mtu kwamba kibodi peke yake itaondoa hiyo. Wanaopata ni pamoja na wajawazito, wenye kisukari, wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kwa hiyo nenda hospitali wakupime, na sukari pia. Wakati unasubiri, usiku vaa kile kifaa cha kushikilia kifundo kinyooke, kinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba, kina bati au plastiki ndani, kwa sababu watu tunalala tumekunja mkono ndo maana ganzi inakuja usiku. Ukiona unaangusha vitu au nyama ya chini ya gumba inasinyaa usingoje hata wiki.

Kibodi iliyogawanyika inasaidia jambo moja kubwa, ile ya kawaida inakulazimisha upinde viganja kwenda nje kwa sababu mabega ni mapana na kibodi ni nyembamba. Iliyogawanyika mkono unanyooka na kigasha. Lakini ukiiweka juu ya kaunta ya kioo faida yote imekwenda. Pima hivi, kaa kwenye stuli, acha mikono ining'inie, kunja kiwiko, mtoto apime kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Halafu pima kaunta. Tuletee namba.

mvita_sauti
Salaam alekum, niko Mombasa. Dadangu pole, haya maradhi nimeyalala nayo. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi na kuziandika, mahojiano, mikutano, kila kitu, dakika sitini za sauti mimi hunichukua saa nne au tano, hapo hapo kwenye kibodi.

Mie ninayo Logitech Ergo K860, alinitumia ndugu yangu aliye Marekani, ilitoka 2020 na bei yake huko ilikuwa dola 130 hivi, kwa hiyo kwa bajeti yako haiingii na sitakwambia ukakope. Inatumia betri mbili ndogo, inashika kwa blututhi au kwa kidude chake. Kilichonifaa zaidi ni ile miguu yake kuwa upande wa mbele badala ya nyuma, unaichagua, digrii 4 au 7 kushuka kwenda nyuma. Ndio yale yale ya mfasiri. Kama wataka mpya na rahisi zaidi kampuni hiyo hiyo ina Wave Keys ya 2023, ilianza kwa dola 60 hivi, lakini ile haijagawanyika, ina mawimbi tu. Perixx nao wana Periboard-512 ya waya, umbo kama la hiyo Microsoft, ina namba pembeni. Usiende huko kwenye Kinesis Advantage360 kwa sasa, ni zaidi ya dola 400 na namba za pembeni haina, ingawa yule mwenye nayo hataki kuiachia.

Lakini nataka nikwambie la mausi, kwa sababu hakuna aliyeligusa. Ukiwa na kibodi yenye namba kulia, mausi inakaa mbali, mkono wa kulia unatanuka mpaka huko siku nzima, bega linavuta, kiganja kinapinda. Na wengi huweka kibodi nzima katikati ya skrini, matokeo yake herufi zote zinaangukia kushoto kwako. Herufi G na H ndizo zikae mbele ya kitovu, hayo manamba yaende yanakokwenda. Mie nilinunua kijikibodi cha namba peke yake cha USB nikakiweka kushoto, siku za hesabu nakitoa, siku nyingine kiko kwenye droo. Wewe kama alama unaingiza siku chache kwa mwezi fikiria hivyo.

fundi_wa_AR
Nimeelewa hoja ya unene, na kwenye kaunta hiyo kweli mekanika itamuumiza. Nafuta ushauri wangu. Dada pia jua kwamba Microsoft ilitangaza 2023 kwamba haitengenezi tena vifaa vya kompyuta kwa jina lake, kampuni ya Incase wakachukua baadhi ya miundo 2024, kwa hiyo hiyo 4000 haina waranti wala spea. Laki na ishirini ni kubwa. Anzia sabini.

mama_steshenari
Jamani mmenifanya nilie, sikutegemea watu wangekaa kuandika yote haya. Nimepima na mwanangu. Kiwiko sentimita 67 kutoka chini. Kaunta 94. Yaani mikono yangu inapanda mlima sentimita 27! Na chini ya kaunta kuna rafu kwa hiyo magoti hayaingii, nakaa upande kiuno kimepinda miaka yote sita.

Miguu ya kibodi nimeikunja jana usiku. Mwanzoni nilikuwa nakosea herufi, leo sijali tena. Na vile vifupi nimetengeneza kumi na moja, cha "kwenye kisanduku" peke yake leo nimekitumia mara kumi na saba kwenye mtihani mmoja wa darasa la nne.

viungo_tiba
Sentimita 27 ni nyingi mno. Hapo kabla ya kibodi yoyote mtafute seremala. Meza ya kawaida ni 72 mpaka 75, kwako hata hiyo ni ndefu, mwambie 65 ili kibodi ikiwa juu yake vidole vifike usawa wa kiwiko au chini kidogo. Skrini iinue peke yake.

mama_steshenari
Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu na siku mbili, niwape mrejesho kwa sababu nachukia uzi unaoishia hewani.

Seremala wa jirani kanitengenezea kimeza cha mbao urefu 65, upana wa kibodi na karatasi za mwalimu pembeni, elfu thelathini na tano. Nimekiweka nyuma ya kaunta, magoti yanaingia. Skrini nimeipandisha juu ya rimu mbili za karatasi. Wiki ya kwanza nilitumia kibodi ile ile ya zamani imelala, na niwe mkweli, nusu ya maumivu ya kidole iliondoka hapo hapo kabla sijanunua chochote.

Yule kijana akarudi, nikaijaribu kama fundi alivyosema, ikaonekana spesi inagoma upande wa kulia, akatoa akasafisha chini kulikuwa na makombo, ikakaa sawa. Nimeichukua kwa elfu themanini na tano. Kipande cha kupachika mbele hakikuwepo, nimeweka kipande cha mbao chembamba kwa gundi. Ni ya Uingereza kweli, @ ilinizingua siku ya kwanza nikabadilisha setingi.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni herufi B. Kumbe miaka yote nilikuwa naibonyeza kwa mkono wa kulia, na kwenye hii B iko upande wa kushoto, basi kila nikifika kwenye baba, kabla, majibu, kidole kinaangukia kwenye lile pengo katikati. Siku nne nilikuwa mzito mpaka mteja mmoja akauliza kama naumwa. Nikachukua barua za zamani nikawa nazichapa upya jioni nusu saa tu kufundisha mkono, sasa B imeenda kwenye kidole chake. Anayetaka kununua hizi asinunue wiki ya mitihani.

Hospitali nimekwenda. Sukari iko sawa, namshukuru Mungu. Daktari kasema ni mshipa huo huo alioutaja ndugu wa viungo, kanipa kifaa cha kuvaa usiku na tarehe ya kurudi. Ganzi bado inakuja ila sio kila siku, wiki hii nimeshtuka mara mbili, mwanzo ilikuwa kila usiku. Mausi nimeihamishia kushoto siku za kuchapa maneno, kulia siku za alama. Kijikibodi cha namba bado sijakipata huku.

mvita_sauti
Alhamdulillahi. Mara mbili kwa wiki ni habari njema. Hicho kijikibodi muulize huyo huyo kijana wa mtumba, mwambie cha USB chenye batani ya sifuri ndefu na Enter ndefu, vile vidogo vya batani sawa sawa vinakosesha.

mwl_kidatu
Nimefuata uzi wote kimya kimya, mimi ni mwalimu na natumia laptopu juu ya meza ya chakula na mikono imeanza. Mama steshenari samahani, hicho kimeza upana wake ni ngapi kwa ngapi, na miguu mmeifunga vipi isitikisike ukiwa unachapa?

mama_steshenari
Mwalimu, urefu wa ubao sentimita 90, upana 45, unene inchi moja. Mwanzoni kilitikisika, seremala akaongeza ubao mmoja nyuma unaounganisha miguu miwili, karibu na sakafu, kikatulia. Usiweke ubao wa kuunganisha kwa mbele, utakugonga kwenye magoti. Na kwa laptopu tafuta hata kibodi ya elfu kumi na tano uichomeke pembeni, laptopu yenyewe ipandishe juu ya vitabu. Ila pima kiwiko chako kwanza, usichukue 65 yangu.